Malango Kumi na Manne

Niliinunua Omakau, bila kumwambia mtu,
pikipiki ndefu miguu kama ndama wa juzi,
tairi za meno, na namba ya barabarani nyuma:
mnyama mwenye uraia wa nchi mbili,
lami na vumbi,
na mimi sikuwa na kibali cha kuingia hata moja.

Kiti kilinifika kiunoni.
Nikipanda, ncha za vidole tu ndizo ziligusa ardhi,
kama mtu anayechungulia ukuta wa jirani.
Miaka hamsini na miwili.
Goti moja la kuzaliwa nalo, jingine la daktari.
Kaka yangu Lachlan alicheka hadi akakohoa.
"Akililia wembe," akasema, "mpeni."

Aliyenipa ni Tamsin, mkata manyoya ya kondoo,
miaka kumi na tisa, viganja laini kwa mafuta ya sufu,
maneno yake haba kama mvua ya Otago ya kati.
"Klachi si swichi," alisema.
"Ni mlango wa chumba alimolala mtoto.
Kuufunga, utakavyo. Kuufungua, polepole."
Nikaufungua kwa kishindo.
Mtoto akaamka, akapiga yowe moja, akazima.

Mara ya nne. Ya tisa. Ya kumi na ngapi, sijui.
Kondoo mia mbili walitafuna wakinitazama
kama wasimamizi wa mtihani.

Njia ya mlimani ina malango kumi na manne,
na sheria ya wafugaji haina mjadala:
ulilolikuta limefungwa, lifunge;
ulilolikuta wazi, liache wazi.
Basi kila lango: simama, gia huru, stendi, shuka,
mnyororo, sukuma, panda, vuka, shuka tena,
rudi, mnyororo, panda,
na klachi, yule mtoto, upya.
Tamsin hakunipa somo jingine.
Alikaa mbele juu ya mwamba, akila tufaha.

Baada ya lango la saba, changarawe.
Niliona jiwe. Jiwe moja, na njia pana
ungepitisha trekta na msafara wa harusi.
Nikalikodolea macho ili lisinipate,
na kwa kulikodolea, nikalifuata,
maana jicho ndilo usukani,
mikono ni tarishi tu.

Pikipiki ililala upande, kwa adabu.
Mimi nililala chali kwenye zaatari mwitu,
ikapondeka mgongoni, ikanukia mchuzi wa Jumapili.
Injini ilipoa ikihesabu: tik, tik.
Kioo cha pembeni kilichopinda kilionyesha mbingu
na wingu moja lisilo na haraka.
"Umeumia?"
"Heshima."
"Hiyo haina plasta."

Kilo mia na thelathini hazinyanyuliwi kwa hasira.
Unaipa mgongo, unachuchumaa,
unaegemeza makalio kwenye kiti chake,
kisha unarudi kinyumenyume, hatua za kuku.
Miaka ishirini na sita niliinua wagonjwa wodini,
na mama yangu, mwishoni, aliyekuwa mwepesi kuliko mto wake;
siku zote niliinua nikitazama uso.
Hii ilisimama bila kunitazama.
Nikalia kidogo ndani ya helmeti.
Helmeti ni chumba kizuri kwa kazi hiyo.

"Sasa simama kwenye vikanyagio," Tamsin akasema.
"Magoti laini. Iache icheze.
Ukiikaba, itakukaba."
La tisa. La kumi. Nikazima mara mbili, nikatukana mara moja.
La kumi na mbili nilianza kusikia gia
kabla mguu haujauliza.
Chini yangu chuma kilitikisika kushoto, kulia,
kama punda anayejua nyumbani,
na juu yake mimi nilikuwa mimi tu, wima,
macho mbali, pale njia inapopinda.

Lango la kumi na nne lilikuwa wazi.
Nikapunguza mwendo, kwa mazoea,
mguu ukaanza kuitafuta ardhi.

Lakini sheria ni sheria.
Sikusimama.